Lambo Lililozinduliwa Mara Tatu

Hadithi hii haikutokea zamani, wala haikutokea kwenu. Imetokea juzi tu, katika nchi moja yenye amani sana, ambayo jina lake silitaji kwa sababu sijapata kibali cha kulitaja. Ukisoma ukadhani ni kwenu, hilo ni lako. Mimi nimekwisha kusema si kwenu, na sina ugomvi na mtu.

Katika nchi hiyo kuna mlima, na juu ya mlima kuna msitu wenye ukungu asubuhi na kelele za nyani mchana. Ndani ya msitu kinatiririka kijito kiitwacho Nkanyeni. Si mto. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani anakiruka bila kuutua. Lakini hakijawahi kukauka, hata mwaka ule wa ukame mkubwa, ambao serikali ilitutangazia redioni kwamba ukame umedhibitiwa na wananchi waendelee na shughuli zao.

Kando ya kijito babu zetu walijenga lambo la mawe. Maji yaliingia humo kwa mfereji mfupi, yakalala, asubuhi yakafunguliwa kuteremkia kijiji chetu cha Kitongwe. Baadaye serikali ilikuja ikalipaka lambo saruji, ikalaza bomba kutoka hapo mpaka kwenye zahanati yetu, ikapachika kibao chenye jina la Wizara ya Maji. Tulishukuru. Kisha mvua ya masika ilinyesha vibaya, udongo ukaporomoka, mfereji ukafukiwa. Kijito kikabaki upande huu kinapiga kelele zake, lambo likabaki upande ule limekauka, magugu yamejaa na vyura wamehama.

Kati ya kijito na lambo pana kipande cha udongo chenye upana wa kitanda cha mtu mmoja. Ni hicho tu. Mtu mwenye jembe angeweza kukimaliza asubuhi, na bado akawahi makande yakiwa ya moto. Naomba msomaji akikumbuke kitanda hiki, kwa sababu taifa zima lilikuja kukwama hapo.

*

Serikali haikosei, kwa hiyo lazima kosa liwe letu, na kweli ni letu. Sisi watu wa Kitongwe tuna adabu iliyopitiliza. Kwetu mgeni hafedheheki. Mgeni akikalia kigoda kibovu akaanguka, mwenye nyumba naye anateremka kukaa chini, mkewe anakaa chini, watoto wanakaa chini, na mazungumzo yanaendelea huko huko chini kana kwamba vigoda havijapata kubuniwa. Mgeni akitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, kibakuli cha chumvi kinazunguka, kila mtu anatia, na kila mtu anasema leo chai imekolea. Kijana asiyeweza kunywa chai ya chumvi akitabasamu haozwi binti kwetu.

Basi udongo ulipoporomoka tu, hata hatujaanza kuuzoa, tukaambiwa Waziri anakuja kuzindua lambo na bomba la zahanati. Wazee walishika vichwa. Lambo kavu, mgeni yuko njiani! Wakaamua kama walivyolelewa. Waziri alipokuwa anahutubia kule chini, wanawake walipanga foleni kule msituni na ndoo zao, wanachota Nkanyeni, wanamimina lamboni, kimya kimya, mpaka migongo ikawauma. Waziri akafungua bomba. Maji yakatoka. Waziri akacheka kwa furaha, akamwagia wapiga picha, akatangaza kwamba lambo la Kitongwe ni mradi wa mfano. Sisi tukapiga makofi, tukimhurumia, tukiombea aondoke kabla ndoo ya mwisho haijakwisha.

Aliondoka. Bomba nalo likanyamaza. Lakini katika ripoti za serikali, tangu siku ile, lambo la Kitongwe linatoa maji, na kwetu kuuzibua mfereji kungekuwa kumfedhehesha mgeni aliyekwisha kuondoka.

Miaka ilipita, akaja Katibu Mkuu wa Wizara kulizindua tena, kwa sababu mradi unaofanya vizuri hauzinduliwi mara moja tu. Safari hiyo serikali haikutaka kuwachosha wanawake. Ilileta boza la maji kutoka mjini, likakoroma kupanda mlima mzima, likapita kando ya Nkanyeni, likamimina maji ya mjini ndani ya lambo lililo jirani na kijito. Niseme pia, ili picha ikamilike, kwamba maji ya mjini yanatoka mtoni, na mto huo unaanzia kwenye vijito vya mlima wetu. Maji yaliteremka yenyewe bure, kisha yakarudishwa kwa dizeli. Tukapiga makofi tena.

*

Mtu aliyechoka kupiga makofi kabla yetu sote alikuwa Bi. Namkunda, mjane mwenye shamba la migomba chini ya zahanati. Hakuwa mkorofi. Chai ya chumvi amekunywa maisha yake yote. Ila binti yake, Anaeli, alikuwa na mimba, na mimba ya kwanza ya Anaeli iliharibika njiani akipelekwa hospitali ya wilaya. Mama yake aliapa kwamba hii ya pili itazaliwa hapa hapa, kwenye zahanati, ambapo kuna muuguzi, kuna kitanda na kuna chumba cha kujifungulia chenye mapazia ya maua.

Ndipo akaja Bwana Afya. Bwana Afya ni ofisa mwenye pikipiki na sheria. Alifungua bomba la zahanati, akaona halitoi kitu, akakifunga chumba cha kujifungulia kwa kufuli.

"Hapana maji, hapana kuzaa," alisema. "Hiyo ni sheria ya Wizara ya Afya, si yangu. Yakianza kutoka, nafungua siku hiyo hiyo. Hata kwa simu nafungua."

Bi. Namkunda hakumlaumu, maana kwa kweli sheria ni nzuri. Alivaa kitenge chake cha kanisani akashuka mpaka ofisi ya Wizara ya Maji wilayani, kuomba mfereji uzibuliwe. Alipokelewa na kijana mmoja mwenye tai na heshima nyingi.

"Shikamoo mama. Kitongwe? Ah, Kitongwe hamna shida. Lambo lenu linatoa maji."

"Marahaba mwanangu. Halitoi."

"Linatoa, mama. Lilizinduliwa."

"Mwanangu, mimi naishi pale. Mimi mwenyewe nilibeba ndoo siku ile ya uzinduzi."

Yule kijana alishusha sauti kama mtu anayemwonea mwenzake aibu. "Mama, fikiria unachokisema. Unataka kusema Mheshimiwa Waziri alizindua ndoo?"

Bi. Namkunda alitaka kusema ndiyo. Lakini adabu ya Kitongwe ilimzuia. Kijana akamweleza kwa upole kwamba kitu kisichoharibika hakitengenezwi. Kukitengeneza ni kusema kilikuwa kimeharibika, na hilo litahitaji tume. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia safari njema.

Akavuka barabara akaingia ofisi ya Wizara ya Misitu. Huko alikuta bwana mnene anayekula karanga.

"Kijito ni chetu," bwana yule alisema kabla hajaulizwa. "Maji yakiwa ndani ya kijito ni mazao ya misitu. Yakiingia lamboni yanakuwa mali ya Wizara ya Maji. Wewe unataka kuyatoa kwetu uyapeleke kwao. Huo mama yangu unaitwa utoroshaji."

"Lakini baba, si yanatoka yenyewe kila siku? Yanakwenda mtoni, yanakwenda mjini, mnayanywa hapa."

"Hayo yanakwenda kwa hiari yake. Ninyi mnataka kuyalazimisha."

"Na hicho kipande cha katikati, kile chenye udongo, ni cha nani?"

Bwana akatafuna karanga akifikiri. "Hicho," alisema, "kiko kwenye mchakato."

Mchakato, kwa wasioujua, ni mahali ambapo mambo yetu yote hupelekwa yakisubiri kuzeeka. Mwaka uliotangulia mzee mmoja wa kitongoji cha juu alikigusa kile kipande kwa jembe lake. Alikamatwa na askari wa Misitu kwa kuhamisha maji, akakamatwa tena na wa Maji kwa kutishia ukuta wa lambo, na wizara mbili zinaligombania jembe lake hadi leo. Kwa hiyo watu waliogopa. Bi. Namkunda alipanda mlima kurudi nyumbani, akamkuta Anaeli amekaa barazani anamenya ndizi, tumbo limefika magotini. Mama alilia kwa hasira, akasingizia moshi wa jikoni.

*

Kisha Mungu akajibu maombi kwa namna yake, maana tulitangaziwa kwamba lambo litazinduliwa mara ya tatu.

Safari hii alikuja Waziri mpya, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balthazari Kimweta, mtu mwenye vyeo vingi kuliko vidole. Wiki nzima kijiji kilipambwa. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Mbuzi walifungwa ili wasionekane wamekonda. Kwa kuwa Mheshimiwa hupenda kupanda mti kila aendako, na sisi tunaishi msituni, ilibidi miti kadhaa ikatwe ili apate pa kupandia.

Mbele ya maandalizi yote alikuwa Afisa Itifaki, bwana mwembamba mwenye filimbi shingoni na kipaza sauti mkononi. Alikuja na habari njema kwa akina mama: Bwana Afya atafungua chumba cha kujifungulia siku ya uzinduzi, kuanzia boza litakapomimina maji hadi maji yatakapokwisha.

"Kwa hiyo kama kuna mjamzito," alisema kwenye kipaza sauti, "ajipange vizuri na muda."

Anaeli hakujipanga vizuri. Uchungu ulimshika alfajiri ya siku ile ile, boza likiwa bado mjini. Muuguzi aliugonga mlango wa kile chumba kwa ngumi, ukakataa, na ufunguo ulikuwa mfukoni kwa Bwana Afya, na Bwana Afya alikuwa kwenye msafara. Majirani walifunga blanketi kwenye miti miwili wakatengeneza machela. Wanaume wanne wakambeba, muuguzi akafuata na mkoba wake, Bi. Namkunda akafuata na kanga, wakaanza kuteremka mlima kwa njia ile ile iliyompotezea mwanaye mimba ya kwanza.

Barabara yetu upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni hewa. Kwenye kona nyembamba kuliko zote wakakutana na boza linapanda. Mbele yake alikuwa Afisa Itifaki kwenye gari dogo, na nyuma yake, gari baada ya gari, msafara wa Waziri.

Afisa alishuka akapuliza filimbi. "Rudini juu! Msafara wa maji una kipaumbele!"

"Mwanangu," alisema Bi. Namkunda akihema, "huyu anajifungua."

"Hongereni sana. Sogeeni pembeni."

"Pembeni wapi?"

Afisa aliangalia kulia akaona mwamba, akaangalia kushoto akaona vilele vya miti vikiwa chini ya miguu yake. Hakukata tamaa. "Basi msubiri hapo hapo lakini msionekane," alisema.

Anaeli hakuweza kusubiri wala kutoonekana. Waliiweka machela chini, katikati ya barabara, mbele ya pua ya boza, na wanaume wakageuka wakatazama mlima. Wanawake waliokuwa wanapanda kwenda kwenye sherehe wakatandaza kanga zao kuzunguka.

Dereva wa boza aliitwa Sempoli. Alizima injini akashuka. "Mama, mnahitaji maji?" aliuliza. Bi. Namkunda akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama anahitaji pumzi.

"Maji ya uzinduzi hayo!" alipiga kelele Afisa Itifaki. "Yana bajeti!"

Sempoli alikuwa amekwisha kufungua koki. Ilikuwa koki kuukuu. Ilipofunguka haikukubali tena kufungwa, hata alipoipiga kwa spana. Maji yalifoka, yakajaza ndoo ya mtu, yakajaza nyingine, yakateremka barabarani chini ya magari yote ya msafara. Waziri, aliyekuwa gari la tano na vioo vimepandishwa, aliuliza kuna nini mbele. Wasaidizi wake walimjibu kwamba wananchi wameandaa mapokezi barabarani, na kwamba wamemwaga maji kwa mila zao. Mheshimiwa alifurahi sana. Akateremsha kioo kidogo, akapunga mkono.

Mtoto alizaliwa huku akipungiwa. Alikuwa msichana. Alikawia kulia, akakawia mno, hata Afisa akaitoa filimbi mdomoni. Kisha akalia. Anaeli alipoteza damu nyingi na midomo yake ilikuwa imepauka, lakini alikuwa hai, na muuguzi akasema arudishwe nyumbani alale, asitingishwe zaidi. Bi. Namkunda alikaa chini kwenye matope ya barabara.

Boza tupu lilipanda kuendelea na safari. Ratiba ilikuwa imekwisha kuchapishwa.

*

Sherehe ilifana. Kwaya iliimba, ngoma zikapigwa, itifaki ikazingatiwa, na waliozingatiwa walisomwa majina mpaka jua likahama. Boza tupu liliegeshwa kando ya lambo, Sempoli akaamriwa aelekeze mpira wake humo kama kawaida. Akaelekeza. Ukatoa upepo.

Mheshimiwa Kimweta alisimama jukwaani mbele ya zahanati.

"Ndugu wananchi! Maji ni uhai. Uhai ni maendeleo. Na maendeleo ni nini, kama si maji? Kuna watu, sitaki kuwataja, wanapita wakisema Kitongwe hakuna maji. Nauliza: sasa mimi nimekuja kuzindua nini? Mtu mwenye akili timamu anaweza kuzindua kitu ambacho hakipo? Serikali yenu sikivu imelizindua lambo hili mara mbili, na leo ni mara ya tatu. Nitajieni nchi jirani yenye lambo lililozinduliwa mara tatu!"

Tulishindwa kuitaja. Mheshimiwa akakata utepe, akafungua bomba. Bomba lilikohoa, likatema buibui, likanyamaza.

Mgeni amefika penye kigoda kibovu. Nilisikia kijiji kizima kinavuta pumzi, na nikaona wanawake watatu wa nyuma wakitazamana, wakitafuta ndoo zilipo. Lakini hawakuwahi, kwa sababu Mheshimiwa hakuwa mgeni wa kuhurumiwa. Aliweka glasi chini ya bomba kavu, akangoja kidogo kwa heshima, akainyanyua glasi tupu mbele ya kamera, akainywa yote. Akafuta midomo kwa leso.

"Matamu," alisema.

Makofi yalitoka jukwaani kama mvua ya mawe. Nasi tukapiga, kwa mazoea, kidogo.

Kisha ikafika sehemu ya ratiba iliyoandikwa "Mama mmoja wa kijiji ataonja." Afisa Itifaki alikuwa amemchagua Bi. Namkunda wiki nzima kabla, kwa sababu alisikia ni mlalamikaji, na mlalamikaji akishaonja mbele ya kamera huwa amekwisha. Bi. Namkunda alisimama. Alikuwa amefika muda si mrefu, kitenge cha kanisani kimejaa matope na damu. Mheshimiwa akakinga glasi tena kwenye bomba, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Onja matunda ya uongozi bora."

Bi. Namkunda aliipokea. Mimi nilikaa karibu, niliona akipambana na chai yote ya chumvi aliyokunywa tangu utotoni. Kisha akaipindua glasi juu chini.

Halikudondoka tone.

"Humu hamna kitu," alisema.

Katika historia ya Kitongwe hakuna mtu aliyewahi kumfanyia mgeni hivyo, na kwa sekunde moja nilidhani Mheshimiwa angezimia. Sikuwa namjua vizuri. Mheshimiwa alitabasamu, akamshika mkono, akauinua pamoja na glasi ili wote tuione.

"Mmeona ubora, ndugu zangu? Hata tone halipotei!"

Jukwaa lilisimama likapiga makofi. Sisi hatukupiga. Mikono ilikuwa imekwisha kuinuka, lakini ikabaki hewani haijui iende wapi, halafu mmoja mmoja akaiteremsha mapajani.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Namkunda, na sauti yake haikuwa kubwa, ila kipaza sauti kiliikamata, "leo umempungia mkono binti yangu. Alikuwa anazaa mbele ya gari. Mjukuu wangu ameogeshwa barabarani kwa maji yenu ya maonyesho, na chumba kipo hapo nyuma yako, na kijito kipo hapo juu, kinasikika ukinyamaza. Nyamaza kidogo usikie."

Kweli kilisikika. Mheshimiwa alinyamaza muda ambao ulimtosha kugeuza ukurasa.

"Tumelipokea, mama," alisema. "Tunalifanyia kazi."

*

Sisi milimani tuna msaragambo. Pembe ya ng'ombe dume ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetoka bila sababu anatozwa pombe ya ndizi. Asubuhi iliyofuata pembe ililia. Polisi baadaye walichunguza sana nani aliipuliza, na kila mtu wa Kitongwe alijibu kwa adabu kwamba hakumbuki, labda ni ng'ombe mwenyewe.

Tulikwenda wote. Hata muuguzi alikwenda, hata Sempoli, ambaye boza lake lilikuwa bado linasubiri koki. Kipande kile chenye upana wa kitanda, kilichoshinda wizara mbili, kilikwisha kabla ya jua kukausha umande. Nkanyeni iliingia lamboni ikivuta majani. Kule zahanati bomba lilitoa matope mekundu, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji. Bwana Afya alipigiwa simu. Alisita, lakini sheria ni sheria, akafungua chumba. Kabla wiki haijaisha wanawake wawili wakazaa humo, nyuma ya mapazia ya maua, bila mtu kuwapungia.

Serikali ilikuja na magari manne. Sisi wote tulikuwa na makosa, lakini kwa kuwa gari la polisi lina nafasi chache, alikamatwa Bi. Namkunda, ambaye uso wake ulijulikana kutoka kwenye picha. Alisomewa mashtaka: kwanza, kutorosha mazao ya misitu, pili, kufanya uzinduzi bila mgeni rasmi, tatu, kwa nia ovu na bila ruhusa, kulifanya lambo linalofanya kazi lifanye kazi.

Askari walitaka kuufukia mfereji siku hiyo hiyo. Walikuwa wamekwisha kuinua majembe wakati mwendesha mashtaka alipowakemea. Mfereji, alisema, ni kidhibiti, yaani ushahidi wa kosa. Maji yanayopita humo ni kidhibiti. Kidhibiti hakiguswi mpaka kesi iishe, kiendelee kama kilivyokutwa. Wakaweka askari alinde. Askari yule ni mtu mwaminifu. Majani yakiziba mfereji anayatoa kwa fimbo, ili ushahidi usiharibike, na kila jioni anatoa taarifa kwamba maji yanatiririka vema.

*

Kesi inasikilizwa mjini kila mwezi. Kusikilizwa ni namna ya kusema. Mwendesha mashtaka husimama akasema upelelezi haujakamilika, kwa kuwa Misitu na Maji bado hawajakubaliana nani aliibiwa, na hakimu huahirisha. Bi. Namkunda, aliye nje kwa dhamana, hulala njiani kwenda, hulala njiani kurudi. Migomba yake imeota magugu. Miguu imemvimba. Safari ya mwisho Anaeli alimsindikiza, mtoto mgongoni, kwa kuwa mama hawezi tena kuteremka peke yake.

Hakimu ni kijana, na si mtu mbaya. Siku hiyo, mwendesha mashtaka aliposimama na maneno yake ya kila mwezi, hakimu aliweka kalamu chini.

"Imetosha," alisema. "Huyu mama anateswa bure. Ana umri wa bibi yangu. Upande wa mashtaka mmeshindwa kazi yenu, na mimi nina mamlaka ya kuifuta kesi hii leo hii. Vidhibiti vitarejeshwa kama vilivyokuwa kabla ya kosa, na wewe mama utakwenda nyumbani ukiwa huru. Umenielewa?"

Bi. Namkunda alielewa. Vidhibiti kurejeshwa kama vilivyokuwa maana yake ni udongo kurudi kwenye mfereji. Alishika ukuta wa kizimba, akateremka polepole kwa ile miguu yake iliyovimba, mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Mheshimiwa hakimu, mwanangu, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa. Usinifutie. Kitongwe wako wengine wamekaribia kuzaa."

Karani alimwonya asimame. Hakusimama. Anaeli naye akapiga magoti huko nyuma kwenye mabenchi, na mtoto mgongoni. Hakimu aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukafanya kitu ambacho nyuso za mahakama haziruhusiwi kufanya. Akachukua kalamu.

Kesi iliahirishwa mpaka mwezi ujao. Mshtakiwa alilia kwa shukrani, akasaidiwa kutoka nje, akaanza kupanda mlima.